Mfupa Umeunga, Mkono Haunyanyuki

Kombe la bega ni mfupa bapa wa pembe tatu unaokaa mgongoni, juu ya mbavu, na huvunjika kwa nadra. Katika kila mifupa 100 inayovunjika, kombe la bega halifikii hata mmoja. Na hata ukihesabu mifupa ya bega peke yake, fungu lake ni kati ya asilimia 3 na 5. Misuli 17 imejishikiza juu yake na kulifunika mbele na nyuma, na lenyewe halikufungwa mahali pamoja bali huteleza juu ya kifua, hivyo kipigo hupungua nguvu kabla ya kuuma mfupa. Likivunjika, basi kipigo kilikuwa kikubwa kweli. Ndiyo maana daktari wa mapokezi akiona ufa kwenye kombe la bega hutafuta kwanza mbavu zilizovunjika, pafu linalovuja hewa, kichwa kilichogongwa na mishipa mikubwa ya damu iliyochanika. Mishipa ya fahamu, yaani neva, huja mwisho wa orodha hiyo, na ni haki yake, kwa kuwa haiui mtu usiku huo. Tatizo ni kwamba ikishawekwa mwisho, mara nyingi haiulizwi tena.

Mfupa wenyewe hauna makuu. Umezungukwa na nyama yenye damu nyingi, kwa hiyo huunga haraka, na wagonjwa wengi hawahitaji kisu. Mkono huning'inizwa shingoni kwa wiki mbili au tatu, kisha mazoezi huanza taratibu. Upasuaji hubaki kwa wachache ambao kikombe cha kiungo kimepasuka au shingo ya kombe imehama mno. Mkono ambao miezi kadhaa baadaye haujaweza kuchana nywele wala kuanika nguo kambani, ilhali picha inaonyesha mfupa umeunga, ni mkono wa kupimwa neva kabla mwenyewe hajalaumiwa kwa uvivu wa mazoezi.

Kumbukumbu zilizomo humu ni za mwandishi aliyefanya kazi ya fiziotherapia katika hospitali moja ya pwani ya Tanzania, tangu enzi ambazo pikipiki ilikuwa ya bwana shamba na mwalimu mkuu, hadi enzi hizi za bodaboda kila kona. Kilichoziamsha ni mtoto wa jirani, dereva wa bodaboda, aliyerudi nyumbani mwaka huu na mkono shingoni, bahasha ya eksirei na maelezo kwamba apumzike tu, kombe la bega litaunga. Mama yake alikuja barazani na swali moja: maumivu yamepungua, mbona mtoto hawezi kutanua mkono hata wa kuvaa shati? Karatasi aliyoruhusiwa nayo ilieleza mfupa, dawa na tarehe ya kurudi. Juu ya neva haikuwa na neno.

Neva zote kubwa za mkono huanzia shingoni. Mizizi mitano, kuanzia ule wa tano wa shingo hadi ule wa kwanza wa kifua, hutokeza kati ya pingili, hukutana, hugawanyika na kukutana tena, hupita nyuma ya mtulinga na juu ya ubavu wa kwanza, kisha huingia kwapani ikiwa mbele ya kombe la bega. Huo ndio mtandao wa neva za mkono. Njiani huchipuza neva ndogo zinazokwenda kwenye misuli ya kombe lenyewe. Ripoti za hospitali za nchi mbalimbali hutaja jeraha la mtandao huo kwa wagonjwa kati ya 5 na 13 katika kila 100 waliovunjika kombe la bega. Neva ndogo zinazoumia peke yake ni vigumu kuzihesabu, kwa kuwa nyingi hazitafutwi.

Mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo ambaye mwandishi anamkumbuka vizuri alikuwa mkwezi wa minazi. Alidondoka kutoka juu na kuangukia mgongo kwenye rundo la vifuu, na picha ikaonyesha ufa uliokata shingo ya kombe la bega hadi ukingo wa juu. Alipotolewa kitambaa cha shingoni maumivu yalikuwa yamekwisha, lakini mkono ulikataa kuanza safari ya kupanda. Ukisaidiwa kufika usawa wa bega aliweza kuushikilia kidogo. Kuuanzisha ndiko kulikomshinda. Wodini ilisemekana anaogopa. Mtaalamu mkongwe wa idara, mama mmoja asiyekuwa na haraka, alimwambia avue shati, akakaa kinyumenyume kwenye kiti, mgongo ukielekea dirishani. Mwanga ulipomlalia, chini ya ule ukingo wa mfupa unaokatiza kombe la bega upande wa kuume palionekana shimo. Upande wa kushoto palikuwa na nyama iliyojaa.

"Mjomba, bana kiwiko mbavuni," mwanafunzi mmoja aliagizwa amwambie. "Sasa sukuma mkono uende nje, nami nazuia."

Mkono wa kushoto ulimsogeza mwanafunzi hatua nzima. Wa kulia ulijaa kwenye kiganja chake bila nguvu, ukarudi tumboni wenyewe.

Iliyoumia hapo ni neva ya suprasikapula. Hutoka kwenye mizizi ya tano na ya sita ya shingo, hufika ukingo wa juu wa kombe la bega na kupenya katika pengo dogo lililoezekwa kwa ukano. Ateri inayofuatana nayo hupita juu ya ukano, neva yenyewe chini. Baada ya kuhudumia msuli unaoanzisha kunyanyua mkono, hupinda kwenye pengo la pili, pembeni mwa shingo ya kombe, na kuingia msuli unaozungusha mkono kwenda nje. Kwa kuwa imebanwa mahali pawili, haina ulegevu wa kukwepa mfupa unaohama. Ufa wa shingo ya kombe, au wa mzizi wa ule mwimo wa mfupa unaotokeza mbele ya bega, unaweza kuinyoosha, kuibana au kuikata. Daktari anayefunga vyuma kutoka nyuma ya bega naye hana budi kuichunga, maana imo njiani mwake.

Neva hii hupotea machoni pa wapimaji kwa sababu haina eneo la ngozi la kuaminika. Mgonjwa hana ganzi. Ana maumivu ya ndani yasiyoshikika na udhaifu ambao kila mtu yuko tayari kuuita woga. Tena dalili zake hufanana na za kukatika kwa kano zinazozunguka kiungo, na mtu aliyeanguka vibaya anaweza kuwa na yote mawili. Shimo la nyama ndilo linalosema, lakini husema baada ya wiki kadhaa. Kabla ya hapo hakuna njia ila kumwambia mgonjwa asukume na kulinganisha pande mbili.

Neva ya kwapa inajulikana zaidi. Hupita chini ya kiungo cha bega, huzunguka shingo ya mfupa wa mkono na kuingia msuli mnene unaolifanya bega liwe duara. Tawi lake hufika kwenye ngozi ya nje ya mkono, pale ambapo askari hubandika beji. Huumia hasa kiungo kinapoteguka pamoja na kuvunjika kwa kombe, au ukingo wa kikombe unapovunjika na kichwa cha mfupa wa mkono kikasukumwa chini.

Mwandishi aliifahamu kwa mfanyabiashara wa dagaa aliyetupwa na bodaboda akiwa abiria. Aliruhusiwa, na nyumbani shangazi zake wakaanza kumkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kama inavyofanywa kwa mzazi. Aliporudi kliniki alikuwa na malengelenge mawili upande wa nje wa mkono, moja limekwishapasuka na kushikana na nguo. Hakujua. Alidhani ni jasho. Pamba ilipopitishwa pale aliangalia pembeni akisubiri kuguswa, na tayari alikuwa ameguswa. Kukanda kwenyewe hakuna ubaya kwenye ngozi inayohisi. Juu ya ngozi yenye ganzi chupa ya maji ya moto ni hatari, na hilo linapaswa kuambiwa ndugu wanaomuuguza, si mgonjwa peke yake, kwa sababu chupa inashikwa na wao.

Pamba hata hivyo isiaminiwe kupita kiasi. Msuli wa bega unaweza kuwa umelala kabisa na ngozi ikahisi sawasawa. Kipimo kinachotegemewa kinawezekana hata mkono ukiwa bado umening'inizwa: mpimaji huweka vidole vitatu juu ya bega, akamwambia mgonjwa asukume kiwiko nje kidogo tu dhidi ya kiganja bila mkono kusogea. Mfupa hautikisiki. Msuli ulio hai hukazana chini ya vidole hata kama mwenyewe anakunja uso kwa maumivu. Ni kazi ya nusu dakika, na inafaa irudiwe kila anapoonekana, matokeo yakiandikwa pamoja na tarehe.

Neva ndefu ya kifua, inayoshuka ubavuni kuelekea msuli unaolibana kombe la bega kwenye mbavu, huandamana na majeraha ya mbavu na ya kifua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliambiwa asukume ukuta kwa mikono miwili, na ukingo wa ndani wa kombe ukatoka nje ya mgongo kiasi cha kuweza kushikwa kwa vidole. Alikuwa amelalamika tu kwamba ubao umekuwa mrefu. Neva saidizi, inayotoka kichwani na kuhudumia msuli mkubwa wa shingo na mgongo, ikiumia bega huning'inia na kombe hutokeza zaidi mkono unapotanuliwa kwenda pembeni. Mwalimu alipona bila upasuaji, ingawa alichukua zaidi ya mwaka.

Mtandao mzima unapoumia, habari ni nyingine. Kwa kawaida kichwa kimesukumwa upande mmoja na bega upande wa pili, kama hutokea kwa mwendesha pikipiki anayetua kwa bega na kichwa pamoja, au mkono umenaswa na mwili ukavutwa. Utingo wa lori la mkonge aliyeletwa hospitalini hapo alikuwa wa namna hiyo. Ngozi yake ilikuwa nzima, lakini bega lilivimba hadi mtulinga haukuonekana, na kwenye kifundo cha mkono mapigo hayakushikika. Katika picha ya kifua, ukingo wa kombe lake la bega ulikuwa mbali zaidi na uti wa mgongo kuliko wa upande mwingine. Maana yake kombe zima limechomolewa kutoka kwenye kifua chini ya ngozi, na kilichovutika nalo ni ateri, vena na neva. Kipimo hicho cha umbali kwenye picha ya kawaida hakihitaji mashine ya gharama, na ndicho kinachomwita daktari wa mishipa ya damu kabla mkono haujafa.

Mkono wake uliokolewa. Alipofikishwa kwa mwandishi ulikuwa na joto na rangi, lakini haukuwa na mwendo wowote kuanzia bega hadi kidole. Kope la jicho la upande ule lilikuwa limeshuka na mboni imekuwa ndogo. Jicho huingia katika hadithi ya mkono kwa sababu nyuzi zinazolifungua hutoka kwenye uti wa mgongo pamoja na mzizi wa kwanza wa kifua. Zikifa, ni dalili kwamba mizizi haikukatika njiani bali imeng'oka ndani ya uti kama muhogo uliovutwa shina. Mzizi uliong'oka hauna pa kushonewa. Dalili ya pili ni maumivu. Utingo alisema vidole vinaungua, mara vinasagwa, na vidole hivyo hivyo havikuhisi sindano.

Jinsi neva ilivyoumia ndiyo inayopanga muda wote unaofuata. Herbert Seddon, daktari wa mifupa wa Uingereza, aliyagawa majeraha haya mwaka 1943 katika madaraja matatu. La kwanza, neva imeshtuka na kuacha kupitisha ujumbe, lakini nyuzi zake ni nzima. Hurudi kwa siku au wiki, mara chache zaidi ya miezi mitatu. La pili, nyuzi zimekatika ndani lakini magamba yanayozifunika yamesalia, na nyuzi mpya huweza kufuata njia ya zamani. La tatu, neva imekatika yote na haitajiunga bila kushonwa. Sydney Sunderland wa Australia aliyapanua kuwa madaraja matano mwaka 1951, kwa kuwa katikati ya la pili na la tatu mna hali nyingi. Kliniki bado hutumia zaidi yale matatu ya Seddon, na kwa kazi ya kila siku yanatosha.

Siku za mwanzo madaraja yote huonekana sawa: mkono haunyanyuki. Kipimo cha umeme wa neva na misuli nacho huwa hakijui mengi. Augustus Waller alionyesha mwaka 1850, kwa kukata neva za ulimi wa chura, kwamba sehemu iliyotenganishwa na kiini chake huoza pole pole hadi mwisho. Kwa binadamu mabadiliko hayo huchukua wiki tatu hivi kukamilika na kusomeka kwenye msuli, kwa hiyo kipimo kinachofanywa wiki ya kwanza kinaweza kumtuliza mtu bure. Wakati wake ni kati ya wiki ya tatu na ya nne, kisha hurudiwa kwenye mwezi wa tatu. Kwa hali hiyo mtoto wa jirani alielekezwa arudi hospitalini akapimwe, kwa kuwa wiki zake zilikuwa zimetimia. Vidole vyake vilikuwa na nguvu na jicho lake halina kasoro, jambo linaloelekeza mbali na jeraha la mtandao mzima, lakini halitoshi kutofautisha neva ya kwapa na ya suprasikapula.

Neva inayoota hukua kwa milimita 1 hivi kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka kwapani hadi msuli wa bega ni mwendo mfupi, hivyo miezi mitatu mpaka sita inatosha kuona dalili ya kwanza. Kutoka shingoni hadi misuli midogo ya kiganja ni karibu sentimita 70, safari ya takriban miaka miwili. Msuli lakini hauna subira hiyo. Usipopata neva hunyauka, na baada ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu nyama yake huanza kugeuka mafuta na makovu. Neva ikifika, haikuti wa kumwamsha. Ndiyo sababu mkono uliopooza wote unaweza kurudisha bega na kiwiko na kubaki bila vidole. Ukuaji wenyewe unaweza kufuatiliwa kwa kidole: mpimaji hugonga kando ya njia ya neva, na pale ncha zinazoota zilipofikia mgonjwa hupigwa shoti. Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani waliieleza ishara hiyo mwaka mmoja, 1915, kila mmoja kivyake, nchi zao zikiwa vitani.

Katika kipindi cha kungoja kazi ya fiziotherapia si kuifanya neva iote, maana hakuna zoezi linaloweza hilo. Kazi ni kulinda kiungo kisikaze, ili msuli ukiamka ukute bega linalozunguka. Vidole, kifundo na kiwiko huchezeshwa tangu siku ya kwanza. Bega huzungushwa na mtu mwingine au kwa mkono mzima pindi mfupa unaporuhusu. Mkono uliopooza una uzito, na ukiachwa uning'inie huvuta kiungo kishuke kutoka kwenye kikombe chake, hivyo kitambaa cha shingoni hubaki wakati wa kutembea hata baada ya mfupa kuunga. Wagonjwa wengi wa mwandishi walichoka hapa. Waliona mazoezi ya kusogezewa mkono na mtu mwingine ni kupoteza nauli, na wengine wakaenda kwa waunga mifupa, ambao mfupa wanaujua lakini neva hawaipimi.

Kama mwezi wa tatu umefika na hakuna msuli ulioanza kukazana wala dalili kwenye kipimo cha umeme, rufaa kwa daktari wa upasuaji wa neva za mkono haifai kungoja. Upasuaji hutoa matokeo mazuri zaidi ukifanyika ndani ya miezi sita. Ukivuka mwaka, matumaini hupungua sana. Neva ya suprasikapula iliyobanwa huweza kufunguliwa kwa kukata ule ukano ulioiezeka. Iliyokatika huunganishwa kwa kipande cha neva ya ngozi kinachotolewa nyuma ya shavu la mguu. Mizizi ikiwa imeng'oka, huazimwa neva jirani yenye kazi. Christophe Oberlin wa Paris na wenzake walieleza mwaka 1994 jinsi ya kuchukua uzi wa neva inayokwenda kwenye kidole kidogo na kuuelekeza kwenye msuli unaokunja kiwiko. Mwaka 2003 Somsak Leechavengvongs na wenzake wa Bangkok wakaeleza kuazima tawi la msuli wa nyuma ya mkono kwa ajili ya neva ya kwapa. Neva saidizi nayo huelekezwa kwenye ile ya suprasikapula. Hakuna kati ya hizo inayofaa kama msuli umekwisha kufa, na kwa mtu aliye mbali na hospitali kubwa nusu ya miezi sita huweza kuliwa na kutafuta pesa za safari.

Waliochelewa wana njia nyingine, za misuli na mifupa badala ya neva. Msuli mkubwa wa shingo na mgongo unaweza kuhamishiwa kwenye mfupa wa mkono ili ushike nafasi ya ule wa bega. Bega lenyewe huweza kugandishwa kwenye pembe inayofaa, na mtu akautumia mkono kwa kulisogeza kombe, ikiwa misuli ya kombe iko hai. Msuli wa paja unaweza kuhamishwa na mishipa yake hadi kwenye mkono.

Maumivu ya mizizi iliyong'oka hufuata njia yake. Dawa za kawaida za maumivu hayazisikii. Hutumiwa amitriptilini, gabapentini au pregabalini, kwa kipimo kinachopandishwa pole pole, na kwa baadhi ya watu hutulia yenyewe kadiri miaka inavyopita. Utingo alirudi siku moja na ndugu yake mkubwa kuomba mkono ukatwe. Mkono usio na kazi unaweza kukatwa kwa sababu ya uzito wake au vidonda, na wapo wanaoridhika. Ila ungekatwa kwa sababu ya kuungua kwa vidole, vidole vingeendelea kuungua bila kuwapo, kwa kuwa chanzo kiko kwenye uti wa mgongo pale mizizi ilipotoka. Aliulizia kama huko hakuna cha kufanya. Upo upasuaji wa kuunguza eneo dogo la uti mahali mizizi ilipokuwa ikiingia, unaofanywa na madaktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa wale ambao dawa zimewashinda, na huwapunguzia wengi wao maumivu.